Gregor Mendel na Gugu Lililomkatalia

Frateri akirudi likizo nyumbani Mbeya, hata kama begi lake limejaa vitabu vya falsafa, asubuhi ya kwanza huanza na panga na kamba. Ng'ombe wa maziwa yuko bandani anasubiri majani. Ndivyo ilivyo Uyole, ndivyo ilivyo ukiteremka Rungwe, na ukienda upande wa Iringa na Mufindi hali ni ile ile: anayefuga ndani lazima akate. Mabingobingo hukatwa kwenye kingo za shamba. Yakipungua, mtu hufuata nyasi ndefu za kandokando ya barabara, zile ambazo wataalamu huziita Panicum maximum na wengine huziita nyasi za Guinea.

Mkataji akitazama vizuri ataona jambo la kushangaza. Nyasi za Guinea hutoa mbegu nyingi na huota hata pale zisipotakiwa, lakini mara nyingi kichaka kimoja hufanana na jirani yake kwa urefu, kwa rangi na kwa upana wa jani, kama vile ni mapacha. Mahindi hayafanyi hivyo. Kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anajua kwamba ukinunua mbegu chotara, mwaka wa kwanza shamba husimama sawasawa kama askari wa gwaride. Ukivuna mbegu yako mwenyewe na kuirudisha shambani mwaka unaofuata, mengine hutoka marefu, mengine mafupi, na mavuno hushuka.

Kwa nini mahindi hutawanya tabia zao na nyasi hizi huzishikilia? Swali hilo linatupeleka kwa mtawa mmoja wa Shirika la Mtakatifu Augustino aliyefariki mwaka 1884. Wote tumemsoma shuleni: ni Gregor Mendel, mtu wa njegere. Lakini vitabu vya shule huishia kwenye njegere. Nusu ya pili ya habari yake, ile ya gugu lililokataa kutii kanuni yake, husimuliwa mara chache, na nadhani ndiyo inayotufaa zaidi sisi tulio katika malezi.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Dola ya Austria na leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo aliyependa kupandikiza miti ya matunda. Mama yake aliitwa Rosine. Johann alikuwa mtoto wa kiume peke yake kati ya dada wawili, Veronika na Theresia, na kwa desturi shamba lingekuwa lake.

Mwalimu na padre wa kijijini waliona kwamba mtoto ana akili, wakawashauri wazazi wampeleke shule ya mbali. Mwaka 1838 baba aliangukiwa na gogo akiwa kazini, na tangu hapo hakuweza tena kufanya kazi kama zamani. Fedha zikakatika. Johann akaanza kufundisha wenzake masomo ya ziada ili apate chakula, na mara kadhaa aliugua kwa njaa na wasiwasi.

Mwaka 1840 aliingia Olomouc kusoma falsafa. Ndiyo, ndugu zangu mafrateri, alipitia hapa tulipo. Naye alikwama. Alirudi nyumbani mgonjwa na kupoteza muda mrefu wa masomo. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyetoa sehemu ya mahari yake ili kaka amalize. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843, kwa pendekezo la mwalimu wake wa fizikia, alipokelewa katika abasia ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, akapewa jina la kitawa Gregor. Mendel mwenyewe hakuficha kwamba hali ya maisha ilichangia uamuzi wake. Alitafuta mahali ambapo mtu anaweza kusoma bila kuhangaikia mkate wa kesho. Mungu huita watu kwa njia nyingi, na njaa pia amewahi kuitumia.

Alipewa upadre mwaka 1847. Akapangiwa kuhudumia wagonjwa, na huko akavunjika kabisa. Kila alipokaa kitandani pa mgonjwa anayeteseka, yeye mwenyewe aliugua. Abate wake, Cyril Napp, hakumwona mvivu wala hakumwambia kwamba hana wito. Alimtuma kufundisha shule huko Znojmo mwaka 1849. Mlezi mwingine pengine angempoteza.

Kufundisha alikuweza sana, ila cheti hakukipata. Mwaka 1850 alifeli mtihani wa ualimu. Napp akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853, ambako alisoma fizikia, hisabati na elimu ya mimea. Mwaka 1856 alirudi kwenye mtihani uleule, akaugua, na hakuumaliza. Hivyo mtu ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha baiolojia duniani alifundisha shule ya Brno miaka kumi na minne kama mwalimu wa muda asiye na cheti.

Njegere zilizotii

Mwaka huohuo wa 1856 alianza majaribio katika bustani ya abasia. Alinunua aina 34 za njegere, akazijaribu, akabakiza 22 zilizozaa sawasawa na mzazi wao. Akachagua tabia saba ambazo macho hayawezi kuzichanganya, kama mbegu ya mviringo au iliyokunjamana, mbegu ya njano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi. Kwa miaka nane hivi alikuza mimea ipatayo 28,000. Alifungua ua kwa mkono, akaondoa sehemu zinazotoa chavua, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akafunika.

Alipochanganya aina mbili, watoto wa kwanza walifanana wote na mzazi mmoja. Wajukuu ndio waliogawanyika. Katika mbegu 7,324 za wajukuu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zimekunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Tabia nyingine nazo zilikaribia tatu kwa moja. Mendel akatambua kwamba kila mzazi hutoa sehemu moja tu ya urithi wake kwa kila tabia, na kwamba sehemu hizo hazichanganyiki kama maziwa na chai. Zinakaa pamoja, kisha zinatengana. Hii ndiyo sababu mahindi chotara husimama sawasawa mwaka wa kwanza na kutawanyika mwaka wa pili.

Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Watu walisikiliza kwa heshima, wakaenda nyumbani. Nakala alizotuma kwa wataalamu hazikuleta mwitikio wa maana.

Gugu lililokataa

Aliyejibu kwa umakini alikuwa Carl Nägeli, profesa wa Munich, nao waliandikiana barua kuanzia 1866 hadi 1873. Nägeli alikuwa bingwa wa mmea uitwao Hieracium, gugu la Ulaya lenye maua ya njano, la ukoo uleule wa mchunga tunaoula kama mboga chungu. Mendel naye alikuwa amekwisha kuanza kulitazama. Akaona kwamba hapa ndipo pa kuipima kanuni yake: ikiwa ni kweli kwa njegere, je, ni kweli kwa gugu?

Kazi ilikuwa ya kutesa. Ua moja la Hieracium kwa kweli ni kundi la vijiua vidogo sana, na kila kimoja kinapaswa kufunguliwa kwa sindano kabla hakijajichavusha. Mendel alitumia lenzi na mwanga wa kuakisiwa na kioo. Mwaka 1869 macho yake yalichoka kiasi kwamba ilimbidi kuacha kwa muda.

Na matokeo? Yalikuwa kinyume kabisa. Katika njegere, machotara wa kwanza walifanana na wajukuu walitofautiana. Katika Hieracium, machotara wa kwanza, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, walitofautiana wao kwa wao, lakini kila mmoja alipotoa mbegu, watoto wake walifanana naye kabisa, kizazi baada ya kizazi. Hakuna kutengana. Hakuna tatu kwa moja.

Tufikirie hali yake wakati huo. Alikuwa na kanuni moja nzuri ambayo karibu hakuna aliyeiamini. Alikuwa na ushahidi wa miaka nane unaoiunga mkono. Sasa alikuwa na ushahidi mwingine, aliouchuma kwa gharama ya macho yake, unaoipinga. Hakuna aliyemlazimisha kuusema. Angeweza kuyaacha makaratasi ya Hieracium ndani ya droo na kuendelea kuwa mtu wa njegere.

Hakufanya hivyo. Juni 1869 alisimama tena mbele ya chama kilekile akaeleza jinsi gugu lilivyofanya, na taarifa hiyo ikachapishwa mwaka 1870. Hakuipindisha ili ilingane na ya kwanza, wala hakuikana ya kwanza kwa sababu ya hii ya pili. Aliziweka zote mbili mezani, akakubali kwamba hana maelezo.

Abate na kodi

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abate. Utafiti ukapungua kwa sababu ya uongozi. Aliendelea kufuga nyuki na kuandika vipimo vya hali ya hewa. Mwaka 1874 serikali ilipotunga sheria ya kutoza kodi mpya mali za mashirika ya kitawa, Mendel aliiona si ya haki, akakataa kulipa, na ugomvi huo ukamsindikiza hadi kaburini. Wengine walimwona jasiri, wengine mkaidi. Huenda alikuwa vyote viwili.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, sikukuu ya Epifania, kwa ugonjwa wa figo. Katika misa ya mazishi, kinanda kilipigwa na Leoš Janáček, ambaye baadaye akawa mtunzi maarufu wa muziki. Watu wa Brno walimzika abate mwema na mlezi wa maskini. Karibu hakuna aliyejua kwamba wanamzika baba wa elimu ya urithi.

Jibu lililofichwa ndani ya mbegu

Mwaka 1900 wanasayansi watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, waliifikia upya kanuni ya njegere na kukuta kwamba mtawa wa Brno alitangulia. Muda mfupi baadaye Walter Sutton wa Marekani na Theodor Boveri wa Ujerumani walionyesha kwamba sehemu za urithi alizozikisia Mendel husafiri ndani ya kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo katika kila seli. Kabla ya kutengeneza chavua au yai, kromosomu hujipanga mbili mbili, kisha hugawana. Nusu huenda huku, nusu huenda kule. Chavua ikikutana na yai, hesabu hurudi kuwa kamili.

Mwaka 1903 Wadenmaki wawili, Ostenfeld na Raunkiær, walifumbua fumbo la gugu. Walikata kwa wembe sehemu ya juu ya vichwa vya maua ya Hieracium na mimea ya ukoo wake, wakaondoa kila kinachotoa chavua na kila kinachoipokea. Mbegu zilijitunga hata hivyo. Gugu lilikuwa linazaa bila kurutubishwa. Mama alikuwa anajinakili mwenyewe ndani ya mbegu. Uzazi huo huitwa apomiksisi. Mara chache tu yai la kawaida liliweza kupokea chavua. Hapo chotara alipatikana, na baada ya hapo chotara huyo naye alijinakili. Ndiyo maana Mendel aliona ndugu wanatofautiana na watoto hawatofautiani. Alichokiona kilikuwa sahihi. Hakukuwa na kosa katika mkono wake.

Sasa turudi kwenye nyasi zetu za barabarani. Nyasi nyingi za Guinea zina kromosomu 32. Kwa njia ya kawaida yai lingepaswa kubaki na 16. Badala yake, seli ya mwili wa mama iliyo jirani huchukua nafasi, ikiwa na kromosomu zote 32, na hiyo ndiyo inayokua kuwa kiini cha mmea mpya. Chavua bado inahitajika, kwa sababu husaidia kutengeneza chakula cha mbegu, lakini urithi wa baba hauingii katika mtoto. Chavua hulisha, hairithishi. Ndiyo maana vichaka hufanana, na ndiyo maana nyasi hizi zikifika nchi ngeni huweza kuwa gugu sugu: mmea mmoja uliofanikiwa huzaa maelfu walio kama wenyewe.

Mabingobingo yana hadithi nyingine. Yana kromosomu 28, na ndugu yake, uwele, ana 14. Wataalamu wakiwachanganya, mtoto hupata 14 kutoka upande mmoja na 7 kutoka upande wa pili, jumla 21. Idadi hiyo haiwezi kujipanga mbili mbili. Kwa hiyo chotara huyo hutoa majani mazuri kwa ng'ombe lakini hana mbegu zenye uzima, na hupandwa kwa vipande tu.

Sehemu inayonigusa zaidi ilitokea hapahapa Tanzania. Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa walizunguka Kenya na Tanzania wakikusanya nyasi za Guinea. Katika eneo la Korogwe walipata zile adimu zenye kromosomu 16, ambazo huzaa kwa njia ya kawaida, baba na mama. Baadaye maabara ilizifanya ziwe na kromosomu 32 kwa dawa iitwayo kolkisini, zikachavushwa na zile zinazojinakili. Watoto waligawanyika karibu nusu kwa nusu: nusu walizaa kwa kurutubishwa, nusu walijinakili. Kwa maneno mengine, uwezo wenyewe wa kukwepa urutubishaji ulirithiwa kama tabia moja, kwa hesabu ileile ya njegere. Kile kilichoonekana kuikana kanuni ya Mendel kilikuwa kinaitii kwa siri.

Kutoka mkusanyo huo, Brazil ilichagua aina mbili za malisho zilizotolewa kwa wafugaji mwaka 1990 na 1993. Ya kwanza waliiita Tanzânia, ya pili Mombaça. Zote mbili asili yake ni karibu na Korogwe. Nyasi ambazo sisi tunazipita zikiwa na vumbi la malori ziliwanenepesha ng'ombe wa bara jingine.

Tunachobeba

Mfugaji wa Rungwe au wa Iringa ana sababu ya kuijua habari hii. Nyasi bora inayojinakili kwa mbegu hushikilia ubora wake mwaka hadi mwaka, na maskini hahitaji kununua mbegu upya kila msimu. Lakini shamba la mapacha lina hatari yake: ugonjwa ukimpata mmoja, umewapata wote. Wafugaji wa Kenya na Uganda wameionja hatari hiyo kwa ugonjwa unaodumaza mabingobingo, unaosafiri ndani ya vipande vilevile wanavyopeana majirani. Kwa hiyo nyasi za mwituni zenye tabia mbalimbali, kama zile za Korogwe, ni hazina ya kutunzwa.

Sisi tunaosoma falsafa tunalo fundisho jingine. Darasani tunapenda hoja iliyofungwa pande zote. Tukikutana na jambo lisiloingia, jaribu la kwanza ni kulifumbia macho. Jaribu la pili ni kukata tamaa na kusema kwamba hakuna ukweli wowote. Mendel hakuangukia kwenye lolote kati ya hayo. Alishika alichokiona katika njegere, akakiri alichokiona katika gugu, na akafa akiwa bado hajajua jinsi vitu hivyo viwili vinavyokaa pamoja. Mtu anayeamini kwamba uumbaji wote unatoka kwa Mungu mmoja anaweza kuvumilia hivyo. Hana haja ya kudanganya ili ukweli mmoja uokoke kutoka kwa mwingine.

Siku moja wengi wetu, Mungu akipenda, tutasimama mbele ya waamini. Kutakuwa na maswali ambayo mahubiri yetu mazuri hayayajibu: kifo cha mtoto, ndoa iliyovunjika, sala inayoonekana haikusikika. Tutajaribiwa kuyaficha kwenye droo. Mama mkata majani wa Uyole atatuheshimu zaidi tukimwambia kweli kwamba jambo hili bado hatujalielewa, na kwamba tunaendelea kulitazama pamoja naye.

Likizo ijayo, frateri, ukiinama kukata nyasi za barabarani, simama kidogo utazame kichaka na jirani yake. Kisha endelea kukata, maana ng'ombe anasubiri.

Tumsifu Yesu Kristu.